Mbwa anaumwa na hukubaliani na daktari: mwongozo wa hatua kwa hatua

Popi alilala chini ya mwembe siku mbili bila kugusa ugali wake wa dagaa. Daktari alikuja na sanduku lake, akamchoma sindano tatu mfululizo, akasema ni homa tu, kesho atakula. Kesho yake alikula kweli. Siku ya nne akaanguka tena, fizi zimepauka, mkojo mwekundu kama chai ya rangi, na daktari yule yule akatoa chupa zile zile. Hapo nikakataa, na nilikataa vibaya. Nilipaza sauti mbele ya watoto na majirani. Daktari akafunga sanduku lake akaondoka. Jioni ile nikabaki na mbwa mgonjwa, bila daktari, na bila kujua jina la hata dawa moja iliyokuwa mwilini mwake.

Asubuhi nikampakia kwenye bajaji hadi kwa daktari mwingine. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amechomwa nini?" Sikuwa na jibu. Akachukua tone la damu kwenye ncha ya sikio, akalitazama kwa hadubini, akaviona vimelea vya babesia ndani ya chembe nyekundu. Ugonjwa huo huenezwa na kupe. Wafugaji wa ng'ombe wanamjua ndugu yake kwa jina la mkojo mwekundu. Dawa alikuwa nayo, ila hakuthubutu kuichoma kabla ya kujua kama mwenzake hakumtangulia, kwa sababu dawa moja ya ugonjwa huu, diminazini, ikizidi kipimo huharibu ubongo wa mbwa. Ikanibidi nimpigie simu mtu niliyemfokea jana yake. Alipokea. Akanitajia dawa zake tatu: kiuavijasumu cha oksitetrasaiklini, vitamini, na deksamethasoni ya kushusha homa. Hakuna iliyokuwa ya babesia.

Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukataa, na namna nilivyokataa nusura imuue mbwa wangu. Haya ninayoyaandika ndiyo ambayo ningependa mtu anifundishe kabla ya jioni ile.

Hatua ya 1: Pima kama kuna muda wa kubishana

Mbwa anayehema kwa shida, mwenye fizi nyeupe, mwenye degedege, aliyevimba tumbo ghafla na anajaribu kutapika bila kitu kutoka, au asiyekojoa kabisa, hana muda wa mabishano yenu. Vivyo hivyo mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu. Mwache daktari aliyepo amtundikie dripu na kumtuliza, hata kama humkubali sana. Mtabishana juu ya hatua inayofuata hali ya mgonjwa ikiwa imeshatulia.

Na kuna hali moja ambayo sishauri kubishana nayo kabisa. Daktari akishuku kichaa cha mbwa, msikilize. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate, taya limelegea, anashindwa kumeza, anauma bila kuchokozwa, wengi hudhani amekwamwa na mfupa kooni, wakaingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo, na usimwache mtoto yeyote afanye. Ugonjwa huu dalili zikishaanza hauna tiba, na karibu wote, mbwa na watu, hufa. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Hatua ya 2: Njoo na vipimo vyako mwenyewe

Maneno kama "anaonekana hajisikii" hayamsaidii daktari na hayakusaidii wewe kumpinga. Unahitaji vitu vichache ambavyo kila nyumba inaweza kuvipata.

Kwanza joto. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Kipake mafuta ya mgando, kiingize taratibu sehemu ya haja kubwa, mtu mwingine akiwa ameshika kichwa. Kisha kiwe cha mbwa tu. Mbwa mzima wa afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi. Mimi na wewe tukifika 39 tunalala kitandani, yeye anacheza. Pua kavu haikuambii lolote kuhusu homa, ingawa kila jirani atakwambia uiguse. Popi alikuwa na 40.3.

Halafu fizi. Ziwe za waridi. Zibonyeze kwa kidole mpaka ziwe nyeupe, uachie, na rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kwa mbwa mwenye fizi nyeusi, vuta kope la chini utazame ndani. Hesabu pumzi akiwa amelala: zikizidi 30 kwa dakika na hajatoka kukimbia wala jua si kali, iandike.

Na uzito. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Hili linadharauliwa kuliko yote na ndilo lenye hatari kubwa, kwa sababu dawa nyingi za sanduku la daktari wa mifugo zimefungashwa kwa ajili ya ng'ombe. Pakiti ya kawaida ya diminazini ya gramu 2.36 imetengenezwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa kilo 15 anahitaji sehemu moja tu kati ya 20 ya pakiti hiyo. Anayekisia uzito kwa macho anacheza na kipande kidogo sana cha bomba la sindano.

Andika yote kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa. Piga video fupi za kikohozi, kuchechemea au degedege, maana mbwa akimwona daktari hujikaza, na dalili uliyoiona usiku kucha hupotea kwa dakika kumi.

Hatua ya 3: Sema kwanza wewe umempa nini

Kabla hujauliza daktari amefanya nini, mwambie ulichofanya wewe. Aibu hapa inaua. Watu wengi huwapa mbwa parasetamoli, diklofenaki au ibuprofeni za kwenye kabati. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa, na daktari akiongeza deksamethasoni juu yake bila kujua, hatari inazidi. Wengine wamemwogesha mbwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe ikiwa kali mno, kisha wanamwita daktari kwa ajili ya "kutetemeka na kutokwa mate". Wengine wamemchoma ivamektini ya mifugo waliyoinunua dukani; baadhi ya mbwa wa uzao wa koli na jamaa zao wana kasoro ya kurithi inayoiacha dawa hiyo iingie ubongoni.

Ukificha haya, daktari atatibu ugonjwa ambao haupo, na wewe utamlaumu kwa haki isiyo yako.

Hatua ya 4: Uliza maswali matatu, kwa heshima, kabla sindano haijaingia

Anza kwa adabu ya kawaida, ya kweli: "Dokta, pole na kazi. Naomba nielewe kidogo ili nikusaidie kumwangalia usiku." Kisha:

"Tunatibu ugonjwa gani, na ni kipi kingine kinaweza kuwa?"

"Dawa hii inaitwaje, na kwa kilo zake anapata kiasi gani? Naomba uniandikie."

"Kama imefaa, nitaona nini, na baada ya saa ngapi? Isipofaa tutafanya nini?"

Swali la tatu ndilo lenye nguvu kuliko mengine. Daktari anayejua anachofanya hulijibu bila kukasirika, kwa sababu ameshajiuliza mwenyewe. Na jibu lake linakuwa mkataba kati yenu: akisema kesho jioni joto liwe limeshuka chini ya 39.2, basi kesho jioni mna namba ya kuzungumzia, na hakuna anayehitaji kupaza sauti.

Kuhusu majina ya dawa usilegeze. Akisema "ni antibayotiki tu na ya kumpa nguvu", omba kupiga picha vichupa. Sijawahi kuona daktari mzuri akikataa. Deksamethasoni hasa inahitaji maelezo: hushusha homa na kurudisha hamu ya kula kwa siku moja au mbili hata kama ugonjwa wenyewe haujaguswa. Ndiyo maana Popi alikula kesho yake. Wakati mwingine dawa za jamii hiyo zinahitajika kweli, mfano kinga ya mwili inaposhambulia damu yake yenyewe, hivyo usiikatae kwa kusikia jina. Uliza tu inafanya kazi gani hapo.

Hatua ya 5: Mtajie uwezo wako, usimwache akisie mfuko wako

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naamini ugomvi mwingi wa wafugaji na madaktari huzaliwa hapa na hakuna anayeutaja.

Daktari anayezunguka mitaani amezoea kusikia "ni mbwa tu". Ameshapendekeza vipimo nyumba nyingi, akajibiwa kwamba mbwa mwingine atapatikana bure kwa jirani. Ameshatumia dawa zake akazungushwa kulipwa. Kwa hiyo akiingia uani kwako anapiga hesabu kimya kimya: huyu atalipia sindano, hatalipia maabara. Anachoma mchanganyiko unaosaidia magonjwa mengi kwa mpigo mmoja, na anaamini anakuhurumia. Wewe unaona uzembe. Yeye anaona anaokoa pesa yako.

Mwambie mapema. "Dokta, huyu ni wa familia. Naweza kulipia kipimo cha damu leo, lakini kulazwa wiki nzima siwezi. Kwa kiasi hiki, ungeanza na nini?" Sentensi hiyo hubadilisha mazungumzo yote. Na kama huna kitu kabisa, sema pia. Kati ya njia ya gharama kubwa na kutofanya lolote kuna njia nyingine, na daktari ndiye anayezijua: kupima kitu kimoja badala ya vitano, vidonge vya nyumbani badala ya kulaza, kulipa kwa awamu. Hawezi kuzitaja akidhani umetaka bora kuliko zote au umekataa zote.

Hatua ya 6: Mkibishania vipimo

Mimi ni mtu wa vipimo, lakini nimejifunza kuwa kipimo nacho kina mipaka, na daktari anayesema "tusisubiri" huenda yuko sahihi.

Chukua homa za kupe, maana ndizo zinazotugombanisha zaidi huku kwetu. Babesia mara nyingi huonekana kwenye tone la damu, hasa la sikio, kwa hadubini ya kawaida na mtu mwenye jicho zuri. Ni kipimo cha dakika chache. Kukikosa bila sababu wakati fizi zimepauka na mkojo ni mwekundu ni jambo la kuhoji. Erlikia, ambayo nayo huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, ni tofauti. Huonekana kwa nadra kwenye damu. Kipimo cha haraka cha kingamwili kinaweza kusema hana katika wiki za mwanzo ilhali anao, na kikasema anao miezi mingi baada ya kupona. Daktari akiona homa, kupe, damu puani na chembe sahani (zile za kugandisha damu) chache, akaanza doksisaiklini bila kungoja majibu, amefanya linalokubalika. Mbwa aliyeugua karibuni kwa kawaida huanza kuchangamka ndani ya siku moja au mbili. Ukiona hivyo mpe haki yake.

Kinachobaki kwako ni kumaliza dozi. Doksisaiklini ya erlikia hutolewa kwa siku 28. Sindano moja ya oksitetrasaiklini haitoshi mahali pake, na hapo unaweza kumpinga daktari bila woga. Lakini pia wewe usiache vidonge siku ya tisa kwa kuwa mbwa ameanza kubweka. Mpe pamoja na chakula na maji, kwa sababu kidonge kikavu kikinata kooni huunguza.

Kama hakuna maabara karibu, uliza kama damu inaweza kutolewa na kupelekwa. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke, Dar es Salaam, wenye vituo mikoani.

Hatua ya 7: Namna ya kusema hapana

Ikiwa umeuliza, umesikiliza, na bado moyo unakataa, sema hapana kwa dawa hiyo, usimwambie hapana mtu. "Dokta, sindano hizi tulizitoa Jumatatu na homa imerudi. Naomba leo tusizirudie mpaka tuone damu. Je, kuna hatari nikisubiri mpaka kesho?" Mbele ya wafanyakazi wake au majirani, punguza sauti. Kama ni kijana wa umri wa mwanao, bado ni Dokta. Kama ni mzee, shikamoo kwanza.

Lipa kazi iliyofanyika hata kama hukuipenda. Omba maandishi: alichokiona, alichotoa, kipimo, saa. Usipewe? Andika wewe mbele yake, msomee, aseme ndiyo au siyo.

Usifanye kile ambacho wengi wetu hufanya, cha kuitikia "sawa dokta" kisha kutupa vidonge. Siku ya tatu anarudi, anaona dawa haijafaa, anapanda dawa kali zaidi. Ukikataa, akataliwe akiwa anajua.

Hatua ya 8: Daktari wa pili

Kutafuta maoni ya pili ni kawaida, na huhitaji ruhusa. Mwambie wa kwanza ikiwezekana: "Nataka mtu mwingine naye amwone, naomba kumbukumbu zake." Kisha nenda kwa mtu mwenye vifaa ambavyo wa kwanza hana, la sivyo utapata kisio la pili badala ya la kwanza. Hospitali za kufundishia ni mahali pazuri: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wanatibu wanyama wa watu, na Chuo Kikuu cha Nairobi wana kliniki ya wanyama wadogo Kabete.

Mpe daktari wa pili daftari lako, picha za vichupa na majibu ya vipimo. Usianze kwa kumsema vibaya mwenzake. Utamfanya aidha amtetee au akufurahishe, na vyote viwili vinamharibia kazi ya kufikiri. Uliza: "Ungeanza upya leo, ungemtibu nini?" Wakikubaliana, hata kwa jambo usilotaka kulisikia, lipokee. Wakitofautiana, chagua mmoja, na mmoja tu ndiye aandike dawa. Kuchanganya mabomba ya madaktari wawili wasiojuana ndiko kulikokaribia kunipeleka msibani.

Hatua ya 9: Ukiambiwa upasuaji, au sindano ya mwisho

Haya mawili, upasuaji na sindano ya kumfisha mnyama ili asiteseke, kwa kawaida hayafanyiki bila ridhaa yako, isipokuwa pale mamlaka zinapoingilia, mfano kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Muda wa kufikiri ni haki yako kama mnyama hateseki kwa maumivu yasiyotulizwa.

Nitatoa mfano mmoja unaonisumbua. Kuna uvimbe wa saratani unaotoa damu sehemu za siri za mbwa, huambukizwa wanapopandana, na mbwa wetu wanaozurura wanaupata sana. Mwenye mbwa anaona damu na nyama inayooza, anaambiwa amuue. Wakati mwingine anaambiwa ukatwe, na ukikatwa peke yake mara nyingi hurudi. Lakini ni moja ya saratani zinazotibika vizuri: sindano ya vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi nane, huwaponya wengi. Dawa hiyo ni kali na inahitaji daktari anayejua kuishika. Ukiambiwa habari ya sindano ya mwisho kwa uvimbe wa aina hii, uliza waziwazi kama vinkristini imefikiriwa.

Na upande wa pili pia upo. Daktari akisema mbwa mzee mwenye figo zilizokufa hatapona, nawe unataka dripu nyingine na nyingine, jiulize anakula mwenyewe? Anasimama kwenda kukojoa? Anakupokea mlangoni? Kama majibu yote ni hapana kwa siku kadhaa, huenda unapinga kwa sababu ya uchungu wako. Nimewahi kufanya hivyo, na yule mbwa alilipia siku tano.

Hatua ya 10: Malalamiko rasmi, kwa mambo yanayostahili

Mbwa kufa si ushahidi kwamba daktari alikosea. Kuchoma dawa isiyo sahihi bila kupima uzito, kumtelekeza mgonjwa katikati ya matibabu, kufanya upasuaji bila ridhaa, au kujiita daktari bila usajili, hayo yanalalamikiwa. Tanzania, Baraza la Veterinari, lililoundwa chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, ndilo linalosajili madaktari na kuwaorodhesha wasaidizi wao. Kenya ni Bodi ya Veterinari chini ya sheria ya mwaka 2011. Unaweza kuuliza usajili wa mtu kabla hata ya kumwita. Wasaidizi wengi ni hodari, ila sheria imewawekea mipaka ya kazi, hivyo jua aliyeingia uani kwako ni nani.

Peleka tarehe, risiti, picha za vichupa, daftari, na barua ya daktari wa pili kama ameridhia kuandika. Mbwa akifa na unashuku, omba apasuliwe na kuchunguzwa mapema, kabla ya kuzikwa. Akihifadhiwa kwa baridi, asigandishwe.

Mimi sikulalamika popote. Daktari wa pili alimchoma Popi imidokabu, dawa nyingine ya babesia, akatokwa mate kwa nusu saa kama tulivyoonywa, na baada ya siku 14 akarudiwa. Wiki ya tatu nilimtafuta daktari wa kwanza, nikamwomba radhi kwa kumfokea mbele ya watu na nikamwonyesha majibu ya damu. Aliyatazama muda mrefu. Mwaka uliofuata alikuja kuchanja kichaa cha mbwa mtaani kwetu akiwa na hadubini ndogo nyuma ya pikipiki, na Popi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbwekea getini.